Barua ya chuo ipo, viza hakuna: vijana wetu wa Malindi na Lamu wanakwama wapi?

#1 Baharia wa Maweni
Salaam wadau. Nina swali na dukuduku. Mpwa wangu hapa Malindi alipata B+ kidato cha nne, chuo kimoja Uingereza kikamkubali aanze mwaka wa matayarisho kisha aingie uhandisi wa meli. Ukoo ukachanga. Wa Mombasa walitoa, wa Jeddah akatuma, wa Muscat akatuma, bibi yake akauza bangili. Fedha zikatiwa kwenye akaunti yangu mimi, maana baba wa mtoto ni mvuvi na pesa zake zinalala mfukoni. Ajenti akajaza fomu, akalipwa chake. Jibu limekuja: viza imekataliwa.

Si wa kwanza. Mtaani kwetu wapo walioitia barua ya chuo fremu wakaitundika ukutani, na ndege hawajaipanda. Wa Nairobi wanapita, wa kwetu wanarudishwa. Dai langu ni hili: wakiona jina la Kiislamu na anwani ya Pwani, na Lamu ndiyo zaidi, faili linafungwa. Mwenye maelezo mengine alete.

#2 Katana wa Gongoni
Pole kaka. Ila hilo la jina la Kiislamu nipunguzie. Mimi ni Katana, nimebatizwa, na kwa Wamarekani pale dirishani sikumaliza hata maelezo. Makaratasi niliyobeba hayakufunguliwa, nikapewa kijikaratasi cha kifungu 214(b), yaani hawakuridhika kwamba nitarudi nyumbani. Kama ni ubaguzi basi tugawane, msiuchukue wote peke yenu.

#3 Mama Swafiya
Nacheka na si la kuchekesha. Baharia, Uingereza wakikataa huandika sababu. Barua imesemaje?

#4 Baharia wa Maweni
Imesema fedha haziko kwenye akaunti ya mwombaji wala ya mzazi wake. Sasa mjomba ni nani? Mtoto huyu nimemlipia shule mimi toka darasa la kwanza.

#5 Saiba wa Mkunguni
Basi jibu unalo mkononi, na dini haimo. Nina saiba hapa Lamu karibu na Mkunguni, fomu hizi zinapita kwangu kila msimu. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza inataka fedha ziwe kwa mwanafunzi mwenyewe, au mzazi, au mlezi wa kisheria. Mjomba hata awe na mamilioni, bila karatasi ya mahakama si mlezi. Tena zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na taarifa ya benki isiwe na zaidi ya siku 31 unapotuma maombi. Kiwango chenyewe, mbali na ada ya mwaka wa kwanza, kuanzia Januari 2025 kilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi nje ya London na 1,483 ndani ya London, kwa hesabu ya miezi 9, na kimezidi kupanda. Hapo bado ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, na cheti cha kifua kikuu ambacho lazima ukapimwe Nairobi. Ajenti aliyekula pesa yenu na hakuwaambia haya ndiye wa kuulizwa.

Lakini ninaloliona sana hapa dukani si fedha, ni majina. Mzazi anakuja na bahasha ya kaki. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed Omar Shee. Cheti cha KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, Muhamad Omari. Kitambulisho, Mohamed Omar Ali, kwa sababu karani alitaka jina la babu. Paspoti ikafuata kitambulisho. Sisi hapa Amu twajua ni mtoto wa fulani wa mtaa fulani. Afisa aliye ng'ambo anaona watu watatu. Na picha za vyeti zimepigwa kwa simu juu ya mkeka, ukili unaonekana pembeni, na kidole gumba cha mpigaji kimefunika namba ya mtahiniwa. Halafu jioni naulizwa, "Mbona wametukataa?"

#6 Kijana wa Langoni
@Saiba umemjibu kwa sheria, na sheria yenyewe ndiyo ninayoilalamikia mimi. Imeandikwa kwa nyumba ya baba, mama na mshahara wa mwisho wa mwezi. Huku kwetu mtoto husomeshwa na ukoo. Na fedha za mchango utazilazaje siku 28 kwa mvuvi? Leo mashine ya boti imekufa, kesho kuna mazishi. Kwa hiyo mnyonge wa Pwani ananyimwa bila mtu kutaja dini wala kabila, na wote wanatoka mikono safi.

Na lile la Baharia sijalitupa. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni 2014, maonyo ya safari ya Waingereza hayakosi kuitaja Lamu. Afisa wa viza anasoma hayo hayo.

#7 Mwalimu Mstaafu
Maonyo ya safari ni ya raia wao wanaokuja kwetu. Hayamhusu kijana anayekwenda kwao. Msichanganye.

Mimi nasema watoto hawajui wanachokiomba. Nimekaa nao wakifanya mazoezi ya intavyu. Mmoja naulizia, kwa nini chuo hiki? Kwa sababu ni cha kimataifa. Kiko mji gani? London. Barua aliyoishika mkononi inasema kiko kaskazini, karibu na Scotland. Ada ngapi? Anamtazama babake. Barua yake ya maelezo imeanza "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto", na ya mwenzake imeanza vivyo hivyo, na ya yule wa tatu pia, maana zote zimetoka kwa ajenti mmoja. Hapo jina lako liwe Yohana au Yahya, huendi popote.

#8 Bint Mambrui
Salamu kutoka Italia, niko mwaka wa pili, kozi yangu inafundishwa kwa Kiingereza. Naona mmeshikilia Uingereza kana kwamba nje ni huko tu. Hapa vyuo vya serikali vinakutoza ada kulingana na kipato cha nyumbani kwenu, na kila jimbo lina ufadhili wake wa DSU kwa wasio na uwezo: ada inaondolewa, unapata posho, chakula cha kantini, na ukibahatika chumba. Kikomo cha kipato ni takriban yuro 27,000 kwa mwaka kwa hesabu yao. Nani wa Mambrui anakifikia?

Kazi iko kwenye makaratasi. Wanataka kipato cha kila mtu wa nyumbani, salio la benki lilivyokuwa Desemba 31, na nyumba ina mita ngapi za mraba. Babangu ni mkulima wa mahindi na mihogo, karatasi ya mshahara aitoe wapi? Tuliapa kwa wakili, chifu akaandika barua, na kaka yangu akaipima nyumba yetu ya makuti kwa tepu ya fundi cherehani, chumba kwa chumba, majirani wakidhani tunauza. Yote yakatafsiriwa Kiitaliano na kupigwa mihuri. Viza yangu ilitoka, na jina langu ni la Kiislamu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tahadhari moja: usipofikisha krediti zinazotakiwa mwaka wa kwanza, wanaweza kukunyang'anya ufadhili na kudai walichokupa. Mwezi wa kwanza usipotee kwa kupiga picha.

#9 Mtaliano wa Casuarina
Yaani mimi nimezungumza Kiitaliano na hawa watu toka nikiwa mvulana, nimewapeleka matumbawe, nimewapeleka Gede, nimekula nao pizza, na hakuna hata mmoja aliyenitajia hiyo DSU. Miaka yote!

#10 Bint Mambrui
Uliwauliza? Na Kiitaliano cha ufukweni, kaka Mtaliano, kitakupatia mteja wa kuchonga kinyago. Profesa akianza kusoma sheria ya mikataba utajuta. Njoo lakini, maombi yanaanzia kwenye tovuti ya Universitaly, na ukishafika una siku 8 za kazi kuomba kibali cha kukaa, usizipoteze.

#11 Katana wa Gongoni
Mkitaja Wataliano mie nakumbuka Ngomeni. Tangu 1967 walikuwa wakirusha roketi baharini mbele ya nyumba zetu, hata setilaiti yao ya Uhuru iliruka hapo 1970, na mtoto wa Ngomeni hadi leo anasoma fizikia bila maabara. Walau wangetupa nafasi za chuo.

#12 Mwalimu Mstaafu
Sahihisho: Uhuru ilikuwa setilaiti ya Wamarekani, ya NASA. Wataliano ndio walioirusha, tarehe 12 Desemba, siku ya Jamhuri, ndiyo maana ikapewa jina hilo. La maabara sina la kukupinga.

#13 Kijana wa Langoni
Ujerumani je? Naskia chuo ni bure kabisa, huna haja ya ukoo wala mjomba.

#14 Mswahili wa Hamburg
Bure ni ada, maisha yanalipiwa. Kuanzia Septemba 2024 unatakiwa uonyeshe yuro 11,904 za mwaka kwenye akaunti inayofungwa, halafu kila mwezi unafunguliwa 992. Hapa lakini Baharia angefurahi: akaunti ina jina la mwanafunzi, na kwa kawaida hawajali kama aliyetuma ni mjomba au shangazi. Si majimbo yote yasiyotoza pia. Baden-Württemberg wanawatoza wasio wa Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kila semista toka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kutoza wageni 2024.

Na KCSE yenyewe mara nyingi haikuingizi moja kwa moja. Unapitia Studienkolleg, yaani chuo cha matayarisho, kama mwaka mmoja, na mtihani mwishoni, na kuingia huko kwenyewe ni kwa Kijerumani. Mimi kilichonikwamisha hakikuwa viza. Ni baridi ya Januari na kile Kijerumani cha ofisini, barua moja unaisoma na kamusi hadi usiku wa manane.

#15 Maalim wa Pate
Nyinyi wote mnaelekea Ulaya kama kibla kiko huko. Watu wa Lamu wamesafiri kwa ilimu kabla ya viza kuvumbuliwa. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, tangu 1961, kinachukua vijana kutoka kila nchi: malazi, posho, tiketi ya likizo. Tarim, Yemen, kuna chuo cha dini cha Darul Mustafa, na vijana wa Amu huko ni kama wako Langoni. Kuna Azhar ya Misri. Na kwa anayetaka uhandisi au uchumi, serikali ya Uturuki ina ufadhili wake: maombi ni Januari 10 hadi Februari 20 kila mwaka, wa shahada ya kwanza awe chini ya miaka 21, alama asilimia 70 kwenda juu, udaktari asilimia 90. Wanakupa mwaka mzima wa kujifunza Kituruki, bweni na tiketi. Taarifa ya benki ya mjomba hawaiulizi.

#16 Ibn Siyu
Maalim, nakubaliana nawe na nakutia chumvi. Mimi nilikuwa Khartoum, mwaka wa nne wa udaktari, nimekwenda kwa njia hizo hizo, bila gharama, bila kuhangaishwa na viza. Vita vilipoanza Aprili 15, 2023 ilikuwa Ramadhani. Tulitoka kwa basi mpaka Gedaref, tukavuka Ethiopia. Paspoti nilikuwa nayo kiunoni. Rekodi za masomo zilibaki kwenye kabati la ofisi iliyofungwa, na hapa nyumbani hakuna chuo kitakachokupokea mwaka wa tano kwa maneno ya mdomo. Nimeanza upya mwaka wa kwanza, nakaa darasani na watoto wanaoniita ami.

Kwa hiyo mkiuliza vijana wanakwama wapi, wengine wamekwama baada ya kufika. Kila muhula ukiisha, omba nakala ya alama zako yenye muhuri uitume nyumbani. Hilo hakuna ajenti atakayekwambia.

#17 Mama Swafiya
Pole sana mwanangu Ibn Siyu.

Nanyi mbona hamuwataji wasichana? Binti yangu alipata nafasi Malaysia, kozi ya takwimu, nusu ya ada imefutwa. Fedha zilikuwepo, za babake mwenyewe, kwenye akaunti ya babake mwenyewe, siku 28 na ziada. Majina yote sawa sawa. Babake akasema aolewe kwanza ndipo asafiri. Nikamwambia fomu haina mahali pa kuandika mume. Tulivutana mpaka tarehe ya kuripoti ikapita. Sasa anasoma Mombasa, anafanya vizuri, na hilo jambo halitajwi mezani. Hapo mtamlaumu afisa gani?

#18 Bint Mambrui
Bi Mama Swafiya, kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Kilichomlainisha babangu si mimi. Ni shangazi yake mzee, aliyemwambia yeye mwenyewe aliachishwa shule na hadi leo anasomewa barua zake. Tafuteni mkubwa wa kumkalisha baba kitako.

#19 Mtaliano wa Casuarina
Jamani uzi umekuwa mzito. Niwakumbushe tu kwamba Malindi tulimpeleka twiga Uchina 1414 na hakuna aliyemwomba taarifa ya benki.

#20 Mwalimu Mstaafu
Twiga wa 1414 alitumwa na mtawala wa Bengal. Wa Malindi alifika mwaka uliofuata, 1415. Na alipokelewa na mfalme mwenyewe, jambo ambalo halitakupata wewe.

#21 Kijana wa Langoni
😂 Ila mkicheka, 2005 Wachina walimchukua msichana wa kisiwa cha Pate kwenda kusomea tiba ya Kichina, kwa kuwa inasemekana ni kizazi cha mabaharia wao waliovunjikiwa na merikebu. Sisi wengine tutafute babu gani?

#22 Maalim wa Pate
Wewe babu yako ni wa Langoni na deni la duka hajalilipa, Wachina watakurudisha siku hiyo hiyo.

#23 Saiba wa Mkunguni
Turudi. Kuna hili la maajenti halijasemwa ipasavyo. Mnakumbuka wazazi wa Uasin Gishu walivyoandamana Eldoret 2023, wamelipa fedha za Finland na Kanada na watoto wakabaki njiani. Ule ulikuwa mpango uliopitia kaunti. Sembuse kijana mwenye ofisi ya chumba kimoja na bango la mnara wa saa? Chuo cha kweli kina imeili yake, unakiandikia mwenyewe bure. Mimi nachaji skani na chapa, siuzi viza.

#24 Baharia wa Maweni
Shukrani kwa wote. Ajenti anasema tulipe tena aombe upya. Wazo langu: nizihamishe fedha ziende kwa baba wa mtoto, zilale siku 28, tuombe tena.

#25 Katana wa Gongoni
Mvuvi asiye na akaunti ghafla anaamka na mamilioni. Mwenye benki mwenyewe atampigia simu.

#26 Mswahili wa Hamburg
Akaunti afungue ya kijana, ana miaka 18 sasa. Kila mchangiaji aandike barua kwamba ametoa zawadi, si mkopo, na jinsi alivyozipata. Muamala wa Jeddah uonekane umetoka Jeddah.

#27 Kijana wa Langoni
Na bado watakataa, mtaona. Hapo ndipo mtarudi kwa neno la Baharia.

#28 Saiba wa Mkunguni
Watakataa kama jina la KCSE halilingani na paspoti. Baharia, niletee vyeti asili, siyo picha ya WhatsApp.

#29 Nesi wa Kilifi
Nimesoma uzi wote kimya. Mimi nilisoma uuguzi India, viza ilitoka haraka, bei ilikuwa nafuu. Shida ilinisubiri nyumbani: shahada itambuliwe kwanza, halafu mtihani wa Baraza la Wauguzi. Madaktari waliosoma nje wana mtihani wa KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, kabla hawajagusa mgonjwa. Sasa huyu wenu ni uhandisi wa meli. Mnajua kwamba shahada peke yake haimpandishi melini kama mhandisi? Anahitaji vyeti vya umahiri chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, saa za baharini, na huku kwetu anayesimamia ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Mmeuliza kama kozi ile ya Uingereza ina njia ya kufikia vyeti hivyo, au ni nadharia tupu? Mafunzo ya baharini yako hata Mombasa, Bandari Maritime Academy.

#30 Baharia wa Maweni
Dada, ukurasa wa tatu huu! Mbona hukusema toka mwanzo?

#31 Nesi wa Kilifi
Uliuliza viza. Kozi hukuuliza.